Usianze na Msasa: Jinsi ya Kuisoma na Kuithamini Bunduki ya Kijapani

(Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi kwenye mkutano wetu wa Waswahili hapa Minnesota. Wengi mlioshindwa kuja mmeniomba niyaandike, nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema.)

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za jioni. Nashukuru kwa nafasi. Najua wengine mmeshangaa kwenye ratiba, baada ya mambo ya kodi na bima ya afya, kuona mtu anataka kuongelea bunduki za Kijapani za vita ya pili ya dunia, mkajiuliza huyu naye vipi. Ila mwaka huu peke yake watu wanne wa humu humu ukumbini wamenipigia simu, na simu zote zilikuwa zinafanana. Nyie mnafanya kazi za kuangalia wazee, mnakaa jirani na wazee, mzee mmoja alipigana Pasifiki mwaka 1944 au 1945, akarudi na bunduki ya adui kama kumbukumbu, ikakaa stoo miaka sabini na kitu, mzee akafariki, familia inasafisha nyumba, wanakuuliza wewe, hivi hii ni kitu gani, ina thamani yoyote, au wanakwambia kabisa chukua tu. Na wewe hujui pa kuanzia.

Mimi nilianza hivyo hivyo. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja mjane, mumewe alikuwa askari wa nchi kavu, alikuwa Ufilipino kisha akapelekwa Japani kwenyewe baada ya vita kuisha. Bibi akaniomba nimsaidie kutoa vitu kwenye besimenti, nyuma ya boila tukakuta bunduki ndefu imefungwa kwenye blanketi, imejaa vumbi, mbao yake nyeusi nyeusi inanata kidogo. Akasema mwanangu chukua, mimi sitaki kuiona. Nikaichukua kwa furaha, na nikafanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma: nilienda dukani nikanunua msasa na vanishi, wikiendi nzima nikakaa gereji naipiga msasa ile mbao mpaka ikawa nyeupe, nikaipaka vanishi ikang'aa kama meza ya sebuleni. Chuma nacho nikakisugua kwa waya wa chuma. Jumatatu mikono yote imevimba inawasha, mikono hii hii mnayoiona, malengelenge mpaka kwenye viwiko.

Sasa sisi tuliokulia Masasi huko tunayajua haya malengelenge. Ni yale yale ya utomvu wa korosho. Mtoto akibangua korosho vibaya midomo na vidole vinaungua, na embe bichi nalo hivyo hivyo, ule utomvu wa kwenye kikonyo. Nilikuja kujua baadaye kwamba Wajapani walikuwa wanapaka mbao za bunduki zao urushi, utomvu wa mti ambao ni ndugu kabisa wa mkorosho na mwembe, familia moja, na ile kemikali inayochoma ni jamii moja. Ndio ile lakeri wanayopaka kwenye mabakuli yao mazuri ya mbao. Ikishakauka vizuri haina neno kwa watu wengi, ila ukiitimua vumbi kwa msasa na ngozi yako ni ya kudhurika, utajua. Kwa hiyo kile nilichokiita uchafu mweusi unaonata ndio ilikuwa kazi ya fundi wa kiwandani, imekaa pale tangu siku ya kwanza, na ndicho mkusanyaji anachotaka kukiona kabla ya kitu kingine chochote. Nilipompelekea mzee mmoja anayezijua hizi bunduki aliishika, akaigeuza mara moja, akakaa kimya. Kisha akaniambia taratibu, kijana, ungeniletea wiki iliyopita ningekupa mara mbili. Nusu ya thamani nimeimaliza kwa mikono yangu mwenyewe, na hakuna dawa, urushi ukishautoa umeutoa.

Ndio maana nimesimama hapa. Nataka mtu yeyote wa kwetu akikutana na hii kitu aisome kwanza kabla hajaigusa kwa msasa, oili, sabuni au vanishi.

Kabla ya kusoma kuna mawili. La kwanza, ichukulie kwamba ina risasi, hata kama imekaa miaka themanini, hata kama mwenyewe anakuapia. Mdomo wa mtutu uelekee pasipo na mtu, inua mkono wa bolti, kile chuma kinachofungua na kufunga mtutu kwa nyuma, vuta nyuma, angalia kwa macho na kwa kidole ndani ya chemba na kwenye magazini. La pili, hali yako ya uhamiaji. Hapa Marekani sheria ya shirikisho inasema aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya kutembea, kwa kawaida haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, vighairi vipo vichache, na kukaa nayo nyumbani tu kunatosha kukuletea kesi. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kwa sheria hiyo, lakini kila jimbo lina yake ya kuongezea. Kwa hiyo kama uko kwa viza, mwambie mwenye nyumba asante, mpigie picha, msaidie kuisoma, usiibebe. Na tafadhali msifikirie kabisa kuitia kwenye konteina la kwenda Dar, kuitoa hapa kunataka leseni na kule kunataka leseni.

Haya, tuisome.

Bunduki nyingi sana za Kijapani mtakazokutana nazo zinaitwa Arisaka, jina la ofisa Arisaka Nariakira aliyesimamia ile ya kwanza ya mwaka 1897. Watu wanaita zote Arisaka lakini zipo za aina nyingi, na mbili ndio utaziona kila siku: Aina ya 38 na Aina ya 99. Hizo namba ni miaka. 38 ni mwaka wa 38 wa utawala wa mfalme Meiji, yaani 1905. 99 ni tarakimu mbili za mwisho za mwaka 2599 kwa kalenda yao ya kifalme, yaani 1939. Ukilijua hili hutadanganyika na mtu anayekwambia bunduki hii imetengenezwa mwaka 1938 kwa sababu imeandikwa 38. Bunduki hizi haziandikwi mwaka wa kutengenezwa popote.

Chukua tochi, angalia juu ya kile chuma kinachoshika mtutu, pale mbele ya bolti, wenyewe wanaita risiva. Utaona maandishi yanashuka kutoka juu kwenda chini, alama tatu. Ukiona mistari mitatu imelala, chini yake mistari miwili imeachana kama paa la nyumba lisilokutana kileleni, hiyo ni tatu na nane, ni 38. Ukiona alama mbili zinazofanana kabisa, zimejikunja mkia, hiyo ni tisa na tisa, 99. Zikifanana lakini zina umbo la dirisha, boksi lenye vitu ndani, hiyo ni nne na nne, Aina ya 44 ya mwaka 1911, bunduki fupi ya wapanda farasi yenye singe inayokunjwa chini ya mtutu, na hapo uanze kutulia maana hizo sio nyingi. Alama ya mwisho kwenye zote ni ile ile, maana yake aina. Pale pale juu kuna vitundu vidogo vya kutolea gesi: 38 ina viwili, 99 ina kimoja. Mtu akikutumia picha yenye giza, vile vitundu vinakusaidia.

Ukiziweka pamoja pia utaona tofauti. 38 ni ndefu mno, karibu mita 1 na sentimita 28, urefu wa mtoto wa darasa la pili, na risasi yake ni nyembamba, milimita 6.5. 99 ya kawaida ni fupi, kama mita 1 na sentimita 12, na risasi yake ni nene, milimita 7.7. Waliibadilisha kwa sababu kwenye vita ya China waliona ile ndogo haina nguvu ya kutosha. Ila ile ndogo ilikuwa na jambo lake. Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, askari wa Kiafrika kwenye jeshi la Mwingereza, alipelekwa Bama (Burma) na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita bonde la Kabaw kwenye mvua na matope mwaka 1944 mpaka mto Chindwin, na alikuwa akitusimulia kwamba Mjapani akipiga msituni unasikia risasi ila huoni moto, hujui katokea wapi. Nilikuwa nadhani ni hadithi za wazee. Kumbe ndivyo ilivyo, mtutu wa 38 ni mrefu na baruti ya ile risasi ni kidogo, inaisha kuungua humo humo ndani kabla haijatoka nje, kwa hiyo mwanga mdomoni ni mdogo sana. Siku nilipolielewa hilo nilikaa na ile bunduki ya bibi mapajani muda mrefu, nikimfikiria babu.

Turudi kwenye risiva. Juu ya yale maandishi kuna ua, au palikuwa na ua. Ni krisanthemumu yenye petali 16, nembo ya mfalme wa Japani, maana yake bunduki hii ni mali ya mfalme. Hapa ndipo pesa nyingi inapotofautiana. Japani iliposalimu amri mwaka 1945, silaha zilizokusanywa na kukabidhiwa nyingi ziliondolewa lile ua kwanza, likasagwa kwa mashine au likakatwa katwa kwa patasi, mali ya mfalme isiende mikononi mwa mshindi ikiwa na nembo yake. Zile zilizookotwa vitani, Guadalcanal, Saipan, Okinawa, ua lake mara nyingi lipo zima. Kwa hiyo bunduki mbili pacha, moja ina ua zima na nyingine limesagwa, yenye ua inauzwa kwa bei ya juu zaidi waziwazi. Na kwa kuwa hivyo ndivyo, wapo wajanja wanaogonga ua jipya juu ya lililosagwa. Weka jicho lako usawa na chuma, lenga kama unavyolenga ubao wa seremala kuona kama umenyooka. Kama pale kwenye ua pamekuwa bapa au pamedidimia kuliko pembeni, rangi ya chuma pale ni nyingine, ujue pameguswa. Hiyo ya yule bibi jirani yangu ua lake limesagwa, na inaendana kabisa na historia ya mumewe, alifika Japani baada ya vita, akapewa kutoka kwenye lundo.

Upande wa kushoto kuna seriali namba. Mbele ya namba mara nyingi kuna kiduara chenye herufi moja ya Kijapani, na mwisho wa namba kuna alama ya kiwanda. Ile herufi ni ya mfululizo, kila mfululizo una bunduki karibu 100,000, na zimepangwa kwa shairi lao la zamani ambalo kila herufi inatokea mara moja tu, i, ro, ha, ni, ho, kama sisi tunavyosema a, be, che. Kiwanda cha Nagoya kwa 99 kilianza bila herufi, kisha ukaja mfululizo wa 1, yaani wenye herufi ya kwanza, mpaka wa 12. Kwa hiyo mfululizo ndio unakwambia ni ya mapema au ya mwisho wa vita. Alama za viwanda ziko kadhaa, ile ya mipira minne ya mizinga iliyopandana ni ya Tokyo, baadaye ikahamia Kokura maana tetemeko kubwa la 1923 liliharibu kile cha Tokyo. Na hili huwa linawashangaza watu: mifululizo ya 30 mpaka 35 ya 99 ilitengenezwa Hiroshima na kampuni ya Toyo Kogyo, ambayo ndio hii hii Mazda mnayoendesha.

Kwa nini mapema au mwisho ni muhimu? Kwa sababu 99 ya mwanzo na 99 ya mwisho utadhani zimetengenezwa na nchi mbili. Ya mwanzo ndani ya mtutu imepakwa kromu inang'aa, ina mguu mmoja wa waya unaokunjwa chini wa kuegemezea, shabaha ya nyuma, kile kifaa cha kulengea, ina vijiti viwili vinavyofunguka pembeni kama mabawa, eti vya kupimia ndege inayopita, ina kava la bati juu ya bolti la kuzuia vumbi, na kitasa cha sefti cha nyuma kimechongwa vizuri kwa mistari. Kadri vita inavyowaelemea vitu vinaondoka kimoja kimoja: mguu umekwenda, mabawa yamekwenda, kromu imekwenda, shabaha imekuwa kitundu tu kisichosogea, kitako cha chuma kimekuwa kipande cha mbao kilichopigwa misumari, alama za kisu zinaonekana kila mahali. Unaweza kuisoma vita nzima mbaoni, nchi inaishiwa chuma, mafundi stadi wamepelekwa vitani, kiwanda kinapigwa mabomu. Zamani watu walizidharau hizi za mwisho, siku hizi zina watu wake kabisa. Ila ya mapema iliyokamilika, yenye mguu wake, mabawa yake na kava lake lenye namba yake, hiyo ndio kila mtu anaitafuta, kwa sababu askari wengi walilitupa lile kava, linapiga kelele ukitembea.

Nimesema namba yake, na hapa pashikeni. Kwenye 99 nyingi tarakimu 3 za mwisho za seriali zimegongwa pia kwenye bolti, kwenye vipande vyake vya ndani na kwenye kava. Zikilingana zote thamani inapanda. Zisipolingana bunduki sio mbaya, ni kwamba bolti zilitolewa zikawekwa pembeni wakati wa kukabidhi silaha, askari akaokota yoyote. Kwenye 38 za Tokyo na Kokura utakuta namba ya kuungia tu, ya kuunganishia vipande kiwandani, isiyofanana na seriali, hiyo haina shida mradi vipande vinalingana vyenyewe kwa vyenyewe. Nimewahi kuona mtu anaambiwa dukani bolti sio yake kwa sababu hiyo, anapunguziwa bei nusu, anakubali. Aliniuma sana yule dada, alikuwa ameagizwa na familia ya mgonjwa wake.

Mengine niyapitie haraka. Kitako kina mstari mrefu, kipande cha chini kimeunganishwa na cha juu, usidhani imevunjika ukaitia gundi, ndivyo walivyounda wenyewe kuokoa mbao. Ila legeza ile pete ya chuma ya mbele utazame chini yake, ukikuta mbao imekatwa kwa msumeno, ni askari aliikata ili iingie kwenye begi lake la kurudia nyumbani. Inashusha bei kidogo, lakini ni ishara ya kweli kwamba ililetwa na askari. Ukikuta kwenye mtutu maandishi madogo ya Kiingereza, jina la kampuni na mji, ujue iliingizwa kibiashara baada ya sheria ya 1968, sio ya askari, na bei inakuwa nyingine.

Karatasi. Jamani karatasi! Askari aliyeruhusiwa kurudi na silaha alikuwa anapewa cheti chenye sahihi ya ofisa wake, jina lake na wakati mwingine hata namba ya bunduki. Bibi alikuwa nacho, kwenye bahasha ya kahawia ndani ya Biblia, na mimi niliona bahasha ile mara ya kwanza nikaiweka kwenye boksi la kutupa. Bibi mwenyewe ndiye aliyeitoa. Kwenye bunduki niliyoiharibu, ile karatasi ndio kitu pekee kilichobaki kizima, mkusanyaji aliniambia aliyenayo asiitenganishe na bunduki hata siku moja, na picha za mzee akiwa na sare nazo pia.

Kuipiga risasi, naomba msijaribu mpaka fundi wa bunduki aikague. Risiva ya Arisaka ya kawaida inasifika kwa ugumu, hilo kweli. Lakini zipo za namna tatu zinazoweza kukuua. Kwanza zipo za mafunzo ya shule, zimetengenezwa kwa kufyatua baruti tupu tu, chungulia ndani ya mtutu, kama ni laini kama bomba, haina ile mistari iliyozunguka kama skrubu, ni ya ukutani hiyo. Pili, jeshi la maji mwishoni mwa vita lilikuwa na 99 zenye risiva ya chuma cha kumimina, nazo za ukutani. Tatu, baada ya vita Wamarekani wengi walitoboa upya chemba ili zitumie risasi za hapa, nje huoni kitu, ndani sio risasi ile tena.

Bei sitawatajia, nikitaja leo itakuwa imebadilika mkifika nyumbani. Ila angalieni zilizokwisha kuuzwa mnadani, sio zile ambazo mtu ameandika bei anayoitamani na inakaa mwaka mzima bila mnunuzi. Linganisha aina na aina, kiwanda na kiwanda, ua na ua. Ukikuta mkono wa bolti umepinda kwenda chini badala ya kunyooka pembeni, na upande wa kushoto kuna bamba la kushikia darubini, usiuze kwa yeyote siku hiyo, inaweza kuwa ya mdunguaji, Aina ya 97 au 99 ya darubini, na kama darubini yenyewe ipo ina namba, isomeni mpige picha kabla hamjamwonyesha mtu.

Vumbi unaruhusiwa, kitambaa kikavu cha pamba. Kutu nyekundu inayoendelea kula, tone la oili nyepesi kwenye kitambaa, kwenye chuma tu, mbao usiiguse. Ukimaliza hapo acha.

Bunduki yenyewe sikuja nayo kwa sababu ya watoto humu ndani, ila nimeleta kava la vumbi la 99, tochi, kioo cha kukuzia, na picha kubwa za zile alama nilizosema. Dada wa meza ya pili ametuma picha ya ile ya nyumbani kwa mgonjwa wake. Ua zima, petali nimezihesabu 16, mabawa yapo, mfululizo hauna herufi, ni ya Nagoya ya mwanzo kabisa. Dada, wapigie simu wenyewe usiku huu, kijana wao amesema anataka kuipaka vanishi kesho.